Nusu Saa ya Giza

Stima ilipopotea, Wabwire alimshika Mwelu mkono.

Alimshika papo hapo, sebuleni, mbele ya wazazi, kabla hata Mama hajamaliza kusema, "Aii, hawa watu wa stima jamani!" Vidole vyake vilimbana hadi pete ikamuumiza, na Mwelu, haki ya Mungu, hakutaka aachiliwe. Mwanamume amekuja kujitambulisha kwa mara ya kwanza, kola imemkaba, jasho linamtiririka, na bado ana ujasiri wa kumshika binti wa watu chini ya pua ya baba yake! Mwelu akatabasamu peke yake gizani.

Isitoshe, gizani ndiko walikopendana. Mwezi wa pili mwaka huo huo wa tisini na saba, Wabwire alikuwa ameingia katika kliniki ya macho alikofanya kazi Mwelu, na fomu ya marubani mkononi. Kazi ya Mwelu ilikuwa kumkalisha mgonjwa katika chumba kisicho na hata ufa wa mwanga, wakae nusu saa nzima macho yazoee giza, kisha amwonyeshe vitaa hafifu na kuandika anachokiona. Nusu saa si mchezo. Wengi husinzia. Huyu hakusinzia. Alimuuliza jina, akamuuliza kwao, akamchekesha mpaka akashika mbavu. Na kila Mwelu alipokaa kimya kidogo, sauti ile nzito iliuliza, "Mwelu? Bado uko hapo?" Naye akajibu, "Nipo." Mara kumi, mara kumi na tano. Nipo, nipo, nipo. Nusu saa ilipoisha Mwelu alikuwa ameshapotea. Kipimo chenyewe? Lo, kipimo kilisahaulika. Mtu akicheka na wewe nusu saa gizani, utamwonyesha vitaa vya nini tena? Mwelu akaandika kwenye fomu, *Kipimo cha giza: kawaida*, akatia sahihi, akafungua mlango, na mchumba wa maisha yake akatoka nje akipepesa macho.

Mpaka jioni ile alikuwa akikumbuka jambo hilo kwa kicheko.

"Twendeni juu," ilisema sauti ya baba yake. "Wiki nzima mawingu na taa zimetunyima hiyo nyota. Leo giza limejileta lenyewe."

Mzee Muasya alikuwa dereva wa lori, amestaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kubeba mabati kutoka Industrial Area hadi Kitui, na alizoea kuamuru watu kupanda na kushuka. Wote wakainuka, hata Kyule, kaka yake Mwelu. Nyota ya mkia ilikuwa gumzo la Eastlands nzima. Redioni walisema ikishakwenda haitarudi hadi ipite miaka elfu mbili na zaidi, kwa hiyo jioni hizo watu walipanda juu ya majumba na stuli na vikombe vya chai utadhani wanangoja harusi.

"Na mkishuka baadaye muwe waangalifu," mama yake Mwelu, Mama Mbeti, aliwaambia wageni wawili wakiwa kwenye ngazi. "Ile taa ya chini kabisa iliungua tangu Krismasi. Hata stima ikiwepo, pale chini ni giza tupu."

"Asante, Mama," Wabwire akajibu.

Hakuuachilia mkono wa Mwelu. Aliweka na ule mwingine begani mwake, akapanda nyuma yake hatua kwa hatua.

"Mbona polepole hivyo?" Mwelu alimnong'oneza.

"Nataka tuchelewe kufika."

Jamani, maneno hayo! Mwelu akapanda polepole zaidi.

Juu kulikuwa na tangi la maji, kamba za nguo zenye shuka za jirani, na ukuta mfupi wa kufika magotini kuzunguka pande zote. Upande wa Kariobangi hapakuwa na taa hata moja. Na pale juu ya weusi wote huo ilining'inia nyota yenyewe, mkia wake umesambaa kwenda juu, nyeupe, wazi kabisa. Ungemwamsha mtu usingizini angeiona.

"Ngai!" alisema Mama Mbeti, akakaa kwenye stuli bila kuangalia anakaa wapi.

Sasa Naftaly akafungua sanduku lake. Naftaly alikuwa binamu mkubwa wa Wabwire, aliyekuja kumsindikiza kwa sababu kijana hajipeleki peke yake kwa wakwe, na ndiye pia fundi wa vyombo katika kampuni ya helikopta walikofanya kazi wote wawili. Kampuni hiyo ilikuwa ikishika doria ya usiku mbugani, kuwinda majangili. Alitoa kitu chenye mirija miwili mifupi.

"Mzee, hii ndiyo miwani ya gizani. Rubani huivaa kwenye kofia. Haitoi nuru yoyote, ila inachukua ile kidogo ya nyota na kuikuza mara maelfu. Nimetoka nayo kuitengeneza. Hebu tazama, lakini usielekeze kwenye taa, utaniulia chombo."

Mzee Muasya aliiweka machoni. Kisha akaanza kucheka polepole.

"Wee! Mama Kyule! Naona watu juu ya nyumba kule Kariobangi. Naona mmoja anakunywa chai! Kila kitu ni kijani. Na hiyo nyota... ee, Mungu wangu."

Ikazunguka kutoka mkono hadi mkono. Mama aliitazama akasema amemwona hata paka. Halafu Wabwire akaivaa, na hapo ndipo akawa yeye yule Mwelu anayemjua. Akanyooka. Akatembea hadi ukutani bila kusita, akaegemea, akamwita.

"Mwelu, njoo. Mkia wake una sehemu mbili, unaona? Mmoja umenyooka, mwingine umepinda kidogo. Na nyuma yake kuna nyota ndogo ndogo hazihesabiki. Ningekuwa na uwezo ningekupeleka huko juu nikuonyeshe moja moja."

"Na ungenirudisha?"

"Ningefikiria."

Naftaly alikuwa akimweleza mzee jinsi kazi inavyokwenda. "Shida ya hii miwani ni betri. Mwezi jana ilimfia mwenzetu Patrobas akiwa juu ya vilima. Giza la ghafla. Akaipandisha juu ya kofia, akatafuta mto kwa macho yake mwenyewe, akaufuata mpaka akatua. Ndiyo maana rubani wa usiku lazima macho yake yawe mazima. Chombo ni msaada tu."

"Na huyu wetu ataanza lini?" Mzee aliuliza. *Huyu wetu*, Mwelu alisikia vizuri.

"Jumatatu, Mzee. Yeye ndiye atakayeshika usukani, mimi kando yake, na askari wawili wa mbuga nyuma."

Mzee Muasya akakohoa kikohozi chake cha kutoa hukumu. "Mama Kyule, wewe umekuwa ukilia Busia ni mbali, watu wake hatuwajui, mtoto akiugua nani atamwona. Sasa mimi naona hivi. Mtu anayeaminiwa na helikopta nzima, mimi nitamnyima msichana? Jumamosi ijayo walete wazee wao tuongee."

Mama Mbeti alivuta pumzi ndefu. Miezi mitatu alikuwa amepinga. Alipinga kwa maombi, alipinga kwa kununa, alipinga kwa kumtajia Mwelu vijana wa Machakos mmoja mmoja kwa majina. Sasa akasema, "Basi nitaleta chai. Lakini kwetu sisi 'ndiyo' haisemwi kwa mdomo tu. Msichana atashika kikombe, na huyo kijana atakuja mwenyewe akitoe mkononi mwake, mbele ya baba yake. Ndivyo mama yangu alivyofanyiwa, ndivyo nilivyofanyiwa."

Akashuka kuchukua chupa ya chai. Mwelu alitaka kupiga kelele za furaha mtaa wote wa Umoja usikie. Badala yake akasimama kidogo kando ya shuka za jirani, machozi yakimtoka, kisha akaenda upande wa pili, nyuma ya stuli ya baba, ajifute asionekane.

Na hapo ndipo kaka yake Kyule alipoinyakua ile miwani usoni mwa Wabwire. Kyule alikuwa karani wa bohari, mwenye mdomo, na hakuwahi kumpenda Wabwire.

"Sasa buda, hizi mashine zinadanganya. Mimi nataka kujua macho yako. Hebu tuonyeshe hiyo nyota iko wapi, bila miwani."

Wabwire alicheka. "Nyota ya nini tena? Mimi yangu ninayo. Ndiyo hii hapa." Akanyoosha mkono kwa mbwembwe zote za mpenzi, akaongeza kwa sauti laini, "Hata hayo machozi yake nayaona."

Mzee alicheka. Naftaly alicheka. Kyule mwenyewe aliguna.

Mwelu hakucheka. Wabwire alikuwa akiinyooshea mkono shuka ya jirani iliyoanikwa kwenye kamba, mahali Mwelu aliposimama dakika mbili kabla. Uso wake umeigeukia hiyo shuka, anaitabasamia, anaisubiri ijibu. Nyota alikuwa ameipa mgongo.

Mwelu akaanza kukumbuka moja moja. Mkono uliomshika stima ilipopotea. Mkono begani kwenye ngazi. Jioni zote zile alizoagwa saa kumi na mbili kamili, jua halijazama, "kesho natoka mapema, mpenzi." Na *bado uko hapo, bado uko hapo*. Alifanya kazi kliniki ya macho miaka minne, na alikuwa mjinga kwa miezi mitatu.

Akamwendea, akamvuta nyuma ya tangi.

"Ehe, umekuja," Wabwire alinong'ona, akitafuta kiuno chake. "Baba amekubali! Umesikia?"

"Nimeinua vidole vingapi?"

"Mwelu, acha mchezo."

"Vingapi, Wabwire?"

Alisita. "Vitatu."

Mikono yote miwili ya Mwelu ilikuwa nyuma ya mgongo wake.

Maji yalidondoka kutoka kwenye bomba la tangi. Wabwire alijua amekosea kwa jinsi alivyokosa kujibiwa, na mabega yake yakashuka.

"Tangu lini?" Mwelu aliuliza.

"Tangu utotoni. Mama yangu yuko hivyo hivyo. Jua likizama hagusi sufuria mpaka ashikwe mkono. Lakini mchana, Mwelu, mchana naona hata uzi kwenye tundu la sindano! Na nikivaa ile miwani naona. Unajua nyota niliziona lini kwa mara ya kwanza? Mwezi wa tatu, mafunzoni. Nina miaka ishirini na tisa. Nililia ndani ya ile kofia kama mtoto. Watu wengine wote mlikuwa mkiziona kila siku na hamkuniambia ziko nyingi hivyo."

Moyo wa Mwelu ulimsaliti, ukamhurumia. Alitaka kumkumbatia pale pale. Alijizuia.

"Na miwani ikizima?"

"Haitazima."

"Ya Patrobas ilizima."

"Mimi si Patrobas."

"Naftaly atakuwa kando yako. Na wale askari wawili wana wake zao. Mwambie Naftaly sasa hivi, twende mimi na wewe, nitakushika mkono. Kuna kazi nyingi za mchana."

"Kampuni haina rubani wa mchana tu. Ni usiku au ni nyumbani." Sauti yake ilianza kukauka. "Umesikia baba yako alichokubali? Alikubali helikopta. Hakunikubali mimi. Nirudi kubeba magunia langoni mwa kiwanda, halafu nije hapa kuomba binti?"

"Mimi nitakuja kwako hivyo hivyo, hata ukiwa kibarua. Hata nikushike mkono kila jioni mpaka tuzeeke, Wabwire. Naapa."

Angelisema jambo jingine lolote pengine lingemwingia. Hilo lilimchoma. "Kama mama yangu, eti? Niketi kwenye kona jioni ningoje mtu anipeleke chooni? Asante sana."

"Basi nitasema mimi."

Wabwire akacheka, na kicheko hicho Mwelu hakuwahi kukisikia. "Sema. Nitakana. Nitasema ni wivu wa mwanamke. Halafu nitatoa ile fomu. Kipimo cha giza, kawaida. Mwandiko wa nani huo, mpenzi? Sahihi ya nani? Mimi nitafukuzwa, lakini wewe utafungwa." Kisha akapunguza sauti, akambembeleza. "Jumatatu moja tu. Unyamaze tu. Jumamosi wazee wangu waje, tuoane. Hunipendi?"

"Nakupenda."

"Basi nyamaza."

"Mwelu!" Mama aliita kutoka kwenye ngazi. "Chai imekuja. Toka huko nyuma, mna maisha yote ya kunong'onezana!"

Mwelu alitoka kwanza. Alimsikia nyuma yake akipapasa ukuta wa tangi, akivuta hatua. Naftaly, mtu mnene, mkarimu, alikuwa akicheka na mzee, akimsimulia kuhusu binti yake wa darasa la pili. Jumatatu atakaa kando ya usukani. Mwelu akiwaambia kwa mdomo, Wabwire atakana, na huyu atamwamini ndugu yake. Nani asingemwamini ndugu yake? Ilibidi Naftaly ajionee mwenyewe.

Mama alimpa kikombe. Kilikuwa cha moto, kimejaa hadi juu.

"Haya. Simama pale katikati. Na wewe, kijana, njoo ukichukue. Sisi wengine tunyamaze, ndivyo inavyofanywa."

Mwelu akaenda. Hakusimama katikati. Alivua viatu, akatembea kimya hadi karibu na kamba za nguo, akasimama pale mkono umenyooshwa. Watu wote walimwona vizuri, nuru ya nyota tu ilitosha. Walidhani ni madaha ya wasichana. Mama akacheka kidogo.

Wabwire alianza kutembea. Hatua ya kwanza ilikuwa ya majigambo, ya pili ikapungua.

"Mwelu?" alisema, akitabasamu. "Sema kitu, nisikie sauti yako."

Mwelu hakusema kitu.

"Aah, leo ananiringia." Hatua nyingine. Mikono ikaanza kuinuka mbele yake. "Mwelu, bwana. Uko wapi, mpenzi?"

Tabasamu lilikuwa bado usoni mwake, limeganda. Chai ilikuwa ikimchoma Mwelu vidole na aliacha imchome. Neno moja tu lingemwokoa. Angekuja moja kwa moja, angekichukua kikombe, vigelegele vingelia, na Jumamosi ijayo wazee wa Busia wangepanda ngazi hizi. Mwelu alimtazama mwanamume aliyempenda kuliko kitu chochote akimpita hatua moja kando, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, mikono ikipapasa hewa, akiuelekea ule ukuta mfupi na ghorofa nne za giza nyuma yake.

"We!" Kyule alipiga kelele.

Naftaly ndiye aliyemfikia. Alimkamata koti kwa nyuma, akamvuta, wote wawili wakaanguka kwenye saruji. Goti la Wabwire lilikuwa limeshagusa ukuta.

Kisha Naftaly akainua mkono wake mnene, akaupitisha mbele ya uso wa binamu yake, mara moja, mara mbili. Macho ya Wabwire hayakuufuata.

"Ndugu yangu," alisema polepole. "Huoni?"

"Niliteleza."

"Hukuteleza. Jumatatu ungenipeleka mimi... Wabwire, mtoto wangu ana miaka minane." Akaliachilia koti. "Nani alikupitisha? Nani aliandika ile karatasi?"

"Ni mimi," Mwelu alisema.

Sauti yake ilipotoka, Wabwire aligeuza kichwa haraka, akajua sasa yuko wapi. Mzee Muasya aliinuka kwenye stuli.

"Wewe? Uliandika nini wewe?"

"Niliandika anaona, Baba. Sikumpima. Jumatatu nitakwenda kumwambia daktari mwenyewe."

"Mwelu! Kazi yako!" Mama alipiga kelele, mikono kichwani.

Wabwire alikuwa amesimama, anajifuta vumbi kwenye suti. Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayeagiza kitu dukani.

"Msimlaumu, Mzee. Ilikuwa rahisi. Nilizunguka kliniki tatu nikitafuta karani mwenye kiu ya kuambiwa ni mzuri. Hata sura yake sikuwa nimeitazama. Nilikaa naye nusu saa gizani nikihesabu dakika, yeye akidhani anapendwa."

Kama alisema kweli au alitafuta tu pa kuchoma, Mwelu hakujua, wala hakuwahi kuja kujua. Aliendelea kukishika kikombe. Hakulia. Machozi yaligoma.

"Kyule," Wabwire akasema, na akanyoosha mkono wake hewani. "Nipeleke chini."

"Nitakupeleka mimi," Mwelu alisema.

"Si wewe."

Kyule alisimama pale, mdomo wake wote umemwishia. Alikuwa bado hajaushika ule mkono stima iliporudi.

Ilirudi kwa mkupuo, mtaa mzima. "Funikeni miwani!" Naftaly alipiga kelele. Balbu ya mlango wa ngazi ikawaka, barabara zikawaka, na juu ya nyumba za pande zote watu wakaguna kwa pamoja, kwa maana ile nyota ilikuwa imefifia na kutoweka. Wabwire alipepesa macho mara mbili. Kisha akawaona wote. Akamwona mzee, akamwona mama na mikono kichwani, akauona ule ukuta na mahali goti lake lilipofika. Mwisho akamwona Mwelu, miguu mitupu, kando ya shuka, mkono umenyooshwa.

Alimwendea moja kwa moja, bila kupapasa, bila kusita. Akakitoa kikombe mkononi mwake taratibu, kama Mama alivyotaka ifanywe, huku akimtazama machoni. Halafu akaimwaga chai yote miguuni pake, polepole, mpaka tone la mwisho. Akamrudishia kikombe.

Aliingia mlangoni na kushuka. Walimsikia wote. Viatu vyake vililia haraka haraka, ngazi mbili mbili, mwanamume mzima anayejua aendako. Ghorofa ya tatu. Ya pili. Ya kwanza.

Kisha viatu vikanyamaza.

Mwelu alijua ni wapi. Pale ngazi inapopinda mara ya mwisho, chini ya ile balbu iliyoungua tangu Krismasi. Zilibaki ngazi kumi na moja, ya tano ina ufa.

"Mwache," baba yake alisema.

Sauti ikapanda kutoka chini, nzito, bila hasira hata chembe, sauti ile ile ya mwezi wa pili.

"Mwelu? Bado uko hapo?"

Neno lilikuwa mdomoni mwake. Lilikuwa neno moja, dogo, alikuwa amelisema mara kumi na tano kabla hajamjua vizuri. Mama yake alimtazama. Miguu ilikuwa ikimwaka kwa ile chai.

"Mwelu?"

Akalimeza. Naftaly alingoja kidogo kuona kama Mwelu atajibu, kisha akatoa tochi kwenye sanduku, akashuka kumfuata.